Jani la Sale, Mkungu wa Mnadani na Jubilei ya Babu na Bibi

Alhamisi: Arusha hadi Moshi mjini

Ofisini wamenipa ruhusa, na saa nane mchana nilikuwa stendi kuu ya Arusha, begi mgongoni. Pale ninapojitolea mambo yangu yamesimama kwenye neno moja ambalo halijasemwa: mwezi huu ukiisha nitapewa mkataba, ama nitashukuriwa na kuagwa. Nimeliombea neno hilo asubuhi na jioni. Umri huu una maajabu yake. Shahada ipo kabatini, kodi ya chumba pale Sakina inadaiwa miezi sita kwa mkupuo, nyumbani wamekuandika kwenye orodha ya watu wazima wanaochanga, na unajikuta unamwomba Mungu vitu vyenye tarehe.

Safari yenyewe ni ya furaha. Babu na Bibi wazaa mama wametimiza miaka 50 ya ndoa, na Jumapili kuna ibada ya shukrani huko kwetu Old Moshi, kisha sherehe nyumbani. Kamati ilinichagua kuwa katibu. Sababu iliyotajwa kikaoni ni kwamba nimesoma na simu yangu inakaa na chaji. Kazi ya katibu ni kuandika ahadi, kukumbusha ahadi, na kupokea maneno ya wale waliokumbushwa. Nimeifanya kwa moyo wangu wote, maana bila wazee hao wawili nisingejua hata kusali.

Mpiga debe alikuwa anaita, "Moshi, Moshi, mmoja tu tunaondoka!" huku ndani ya Coaster viti vingi viko wazi. Kila msafiri wa njia hii anaijua hiyo ya mmoja tu, na bado tunapanda. Hatimaye tulijaa, injini ikawaka, na bibi mmoja mwenye kilemba cha bluu aliyekaa nyuma ya dereva akasimama. "Wanangu, tuombe." Konda akavua kofia. Bibi akaliombea gari, akamwombea dereva na macho yake, akaombea breki, tairi za mbele, tairi za nyuma, akaombea ng'ombe wa Kikatiti wasivuke barabara wakati sisi tunapita. Kisha, kwa sauti ile ile ya unyenyekevu, akasema, "Na huyu kijana wa mlangoni, Bwana, mkumbushe chenji yangu ya elfu mbili." Gari zima tukaitika amina. Konda aliitika kuliko wote, akaingiza mkono mfukoni.

Tulicheka mpaka Tengeru. Bibi mwenyewe alicheka, ila hakuwa ametania. Alikuwa anamweleza Mungu mambo yake yote, na chenji ilikuwa mojawapo. Nami nikafumba macho nikamweleza habari ya mkataba. Niliona kama mlango umeachwa wazi na yule bibi, na mimi nimepita nyuma yake.

Julai ni mwezi wa baridi huku, mawingu yamelala chini. Kutoka Usa River na Maji ya Chai hadi Boma Ng'ombe hatukuuona mlima hata kidogo. Mtoto wa jirani yangu, ambaye mama yake alinipa nimpakate bila kuniuliza jina, alitaka kujua mlima umekwenda wapi. Nikamsimulia habari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliandika kwamba kuna theluji juu yake, na huko London msomi aliyeitwa Cooley akampinga miaka mingi, akisema theluji karibu na ikweta haiwezekani, wakati hajawahi kukanyaga huku. Mtoto alifikiri kidogo. "Kwani alikosa nauli ya kuja?" Mama yake alicheka hadi akanyoosha mkono kunishika bega. Nami nikazidi kumpenda Rebmann, aliyekuwa ameona, akasema alichokiona, na akakaa na dhihaka bila kubadilisha maneno.

Ijumaa: Moshi mjini

Leo ilikuwa siku ya shughuli, na nyingi hazistahili kuandikwa. Nimechukua kadi zilizobaki, nimenunua mishumaa, nimelipia nusu ya viti na nusu nyingine nimeahidi.

Kwa fundi cherehani ndiko nilikopata la kuandika. Akina mama na wajukuu wote wa kike tumeshona sare ya kitenge cha kijani, na mafundi wa Moshi, wale wanaokaa barazani mwa maduka, ni watu wa heshima na wenye kazi nyingi. Nikamsalimia, nikauliza gauni langu. "Imeisha," akasema kwa furaha. "Imebaki kushona tu." Akanionyesha vipande vyote vya kitambaa vimekatwa vizuri, vimekunjwa, vimebandikwa karatasi yenye jina langu. Kwake yeye kukata ndiyo kazi; kushona ni mashine. Nilikaa kwenye benchi lake hadi jioni, akashona huku anaimba tenzi moja baada ya nyingine, na wateja waliokuwa wamekuja na hasira wakajikuta wanaitikia sauti ya pili. Gauni limenikaa sawasawa.

Mchana nilipita soko la Memorial kumwona rafiki yangu wa chuo. Tulikaa chumba kimoja miaka yote mitatu. Yeye ni mwalimu wa kemia na baiolojia, ameomba ajira kila zinapotangazwa, na wakati anasubiri anauza viatu vya mtumba vya watoto. Nilimsikia kabla sijamwona. "Nani ataniambia kiatu hiki ni cha ngozi au si cha ngozi? Nyoosheni mikono!" Na wateja, watu wazima wenye vikapu na watoto mgongoni, walinyoosha mikono! Mama mmoja akakosea, rafiki yangu akamwambia, "Umejaribu vizuri, kaa hapo, tutarudi kwako," na yule mama akakaa. Alinunua jozi mbili.

Tulikula ndizi na maharage kwenye banda la jirani yake. Akanieleza kwamba kuna siku anaamka usiku anahesabu miaka, na hesabu inamtisha. Kisha anaamka asubuhi, anapanga viatu mstari wa mbele na mstari wa nyuma, anaanza somo, na kabla ya saa nne kuna mtu amecheka. "Nikimchekesha mtu ninajua Mungu hajaniondoa kazini," akasema. Sikuongeza neno. Tuliombeana pale pale kati ya mafurushi, kila mmoja akimwombea mwenzake ajira na si yake mwenyewe, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana tangu chuo.

Nikitembea kurudi kwa mama nilipita jengo la KNCU. Chama hicho cha ushirika kilianza 1933, kikitanguliwa na chama cha wakulima wa kahawa cha 1925, na kahawa ya Babu ilipita kwenye mizani yake miaka mingi. Kahawa ndiyo iliyolipa mahari ya Bibi, ndiyo iliyomsomesha mama yangu. Babu alipokuwa na umri wangu alikuwa na miche yake, ng'ombe na mke. Mimi nina miche ya aina nyingine ambayo bado sijaijua jina. Niliwahi kumwambia hivyo kwa huzuni, akanijibu kwamba hata kahawa ukipanda unakaa miaka kadhaa huvuni kitu, na watu wanapita wanakuuliza unapalilia nini.

Jumamosi: kupanda Old Moshi

Daladala hadi Kiboriloni, kisha Noah ya kupanda hadi Kidia. Noah ya watu saba ilibeba wengi kuliko hao, pamoja na mtungi wa gesi, kuku wawili, na keki ya jubilei ambayo ilipakatwa kwa zamu na abiria ambao hawakualikwa. Walipoambiwa ni ya miaka 50 ya ndoa, kila mmoja alitaka kuishika kidogo.

Nyumbani kwa Babu hunywi chai kabla ya mtihani. Mjukuu yeyote, awe wa darasa la pili au mwenye shahada, anasimama mlangoni, anatoa shikamoo, kisha anaulizwa habari ya Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani. "Walimnyonga lini?" "Tarehe 2 Machi 1900, Meku." "Wapi?" "Hapa kwetu, Old Moshi." "Na kichwa chake?" "Inasemekana walikipeleka Ujerumani, na hadi leo tunakidai." Ndipo anasema, "Mpeni chai." Binamu yangu, meneja wa watu wengi huko Dar es Salaam, alisema 1901 akapelekwa uani kufikiri upya. Alisimama pale na suti yake, na watoto wadogo wakamnong'oneza jibu kupitia dirishani. Babu alisikia, akaangalia pembeni. Hicho ndicho kizazi kilichotulea: hakikusahau msiba, na hakikuacha kucheka katika ardhi ile ile.

Mchana wanawake tulimenya ndizi. Utomvu wa ndizi unafanya vidole viwe vyeusi usipopaka mafuta kwanza, na mazungumzo ya kumenya ndizi yanafika mahali pamoja siku zote. Mama mkubwa akanitazama. "Na wewe, mwanangu? Tutakula lini ya kwako?" Nikasema tumwachie Mungu. Akasema, "Basi tumwambie sasa hivi." Akafumba macho, kisu mkono wa kulia, ndizi mkono wa kushoto, akaanza kuniombea mume. Hakuna mtu aliyepata kuniombea kwa uangalifu namna ile. Aliomba awe mcha Mungu, awe mrefu kiasi lakini asigonge mlango wa jikoni, asiwe mtu wa kununa, shamba lake lisiwe na kesi ya mpaka, na mama yake awe mpole "au awe anaishi mbali, kama upendavyo, Bwana". Kila kipengele akina mama waliitikia "ndiyo" kwa kishindo, visu juu. Mimi niliitikia vyote. Nilicheka mpaka machozi, na katikati ya machozi nikagundua kwamba mama huyu ana haja zake mwenyewe, goti linamsumbua, mwanawe yuko mbali hapigi simu, na alitumia maombi yake yote kwangu.

Baada ya hapo nikaitwa na Bibi chumbani, na hapo ndipo siku ilipogeuka.

Tatizo lilikuwa kadi. Kamati iliongozwa na mjomba mdogo, na kwenye kadi ya mwaliko majina ya watoto wa Babu yalianzia na la mwenyekiti. Mjomba mkubwa, mzaliwa wa kwanza, alijikuta wa pili. Aliisoma kadi, akairudisha kwenye bahasha, akasema kwamba hao waliotangulia watatosha. Tangu wakati huo hakufika kwenye kikao wala kupokea simu ya mdogo wake. Nyumba yake iko ng'ambo ya kihamba cha Babu, yaani shamba lake la nyumbani la migomba na kahawa, hatua chache tu.

Bibi alinipa jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani huo ndio ujumbe mzito kuliko barua yoyote. Sale ndilo tunalopanda mipakani, na ukimkosea mtu ukampelekea jani lake lenye fundo, unaomba msamaha. Naye akilipokea mkononi, hana ruhusa ya kukataa. "Mdogo wake amelifunga mwenyewe," Bibi akasema. "Anaona haya kulipeleka. Nenda wewe, mpwa hakataliwi. Lakini liingie mkononi. Usiliache mezani."

Nilimkuta mjomba amekaa mbele ya nyumba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu. Umeshika nini?" "Sale, mjomba, kutoka kwa..." "Usimalize," akasema, akaweka mikono yote miwili nyuma.

Kisha akainuka akaanza kufanya kazi. Alielewa vizuri kwamba mikono ikiwa na kitu haiwezi kupokea kitu. Akabeba majani ya migomba akampelekea ng'ombe. Nikamfuata. Akatoka akachukua ndoo ya maji, akarudi bandani. Nikasimama mlangoni na jani langu. Akachukua fagio akafagia banda zima, akachukua jembe akapalilia migomba iliyokuwa imeshapaliliwa, akabeba kuni kutoka upande huu akazipanga upande ule. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini, kanga mdomoni, anatikisika. "Mfuate tu, mwanangu," akaniambia. "Banda hilo halijafagiliwa tangu Pasaka. Ukimaliza hapo mpitishe na nyuma ya jiko."

Mjomba aliruka mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, na debe mkononi, mtu wa karibu miaka hamsini. Nami nikaruka. Tukazunguka kahawa, tukazunguka parachichi, tukarudi pale pale. Mwishowe alikaa juu ya jiwe, jasho linamtiririka katika baridi ya Julai, mikono mitupu magotini. Akalitazama lile jani. Kwanza kifua kilianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka huku ananyoosha mkono, na sale likaingia kiganjani.

"Angekuja mwenyewe ningelipokea mlangoni," akasema. Na kutoka kwenye mibuni nyuma yetu ikasikika sauti: "Nipo." Mjomba mdogo alikuwa amenifuata tangu mwanzo, amejificha, ana majani ya kahawa kichwani. Hawakukumbatiana. Mkubwa alimuuliza kama ameona kahawa ya upande huu imeanza kuiva mapema, mdogo akasema ya kwake imetangulia, mkubwa akasema si kweli, wakaondoka pamoja kwenda kuikagua, wakibishana.

Nilibaki na mkaza mjomba tunafuta machozi. Nimesikia mahubiri mengi ya msamaha, na mengi yalikuwa mazuri. Leo nimeona mtu anaukimbia msamaha kwa miguu yake, kwa sababu anajua ukimgusa tu umemshinda. Ninaamini hivi ndivyo Mungu anavyotufuata sisi: hana haraka, ameshika kitu kidogo mkononi, na sisi tunafagia mabanda. Imani yangu imeongezeka kwenye kile kihamba kuliko mahali popote mwaka huu, na iliongezeka huku nimeshika mbavu.

Jumapili: kanisani na nyumbani

Ibada ilijaa hadi nje. Bibi alipewa nafasi ya kutoa shukrani. Alisimama, akashika kipaza sauti, akamtazama Babu, akaanza kucheka. Kila akijaribu kusema neno la kwanza alicheka tena, na sisi tukacheka naye, mchungaji pia. Kisha akasema, "Nimemaliza," akaketi. Nilimkumbuka Sara, mke wa Ibrahimu, aliyecheka mara ya kwanza kwa sababu hakuamini, na mara ya pili, mtoto akiwa mikononi, akasema Mungu ndiye aliyemfanyia kicheko. Watu hukumbuka zaidi kile cha kwanza, ambacho Sara alikikana kwa hofu. Mimi ninakipenda cha pili. Bibi alizika watoto wawili wadogo. Anayajua yote aliyokuwa anayacheka.

Baada ya ibada, mnada. Waumini wanaoleta mazao badala ya fedha hupeleka madhabahuni, kisha yanauzwa nje: mayai, maziwa, miwa, kuku, ndizi. Yai moja linaweza kununuliwa na watu wengi, kila anayelinunua analirudisha liuzwe tena. Leo mkungu mmoja mkubwa ulipandishwa mezani, na wajomba zangu wawili wakaanza kushindana. Mdogo alitaja elfu kumi, mkubwa kumi na tano, mdogo ishirini. Jana walikuwa wamepatana, na leo walikuwa wanapambana nani atoe zaidi kwa shukrani ya wazazi. Bei ikapanda hadi mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akawauliza kama wana hakika. Ndipo Babu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha heshima na ua kifuani, akainua fimbo. "Mkungu huo nimeuleta mimi," akasema. "Nyumbani ipo mingine. Kateni bure." Uwanja ulilipuka. Wajomba walilipa wote wawili, kila mmoja bei yake, na mkungu wakampelekea mchungaji.

Nyumbani, ndafu ililetwa ikicheza na walioibeba, majani mdomoni. Babu alimlisha Bibi kipande, Bibi akakitafuna kwa heshima. Bibi alimlisha Babu, na Babu, ambaye meno yake hayatoshi tena kwa kazi hiyo, alikishika shavuni hotuba yote ya mgeni rasmi. Alipoitwa kusema neno la busara kwa vijana aliinua mikono tu, kutubariki, na MC akasema neno hilo limetosha.

Sisi wa rika langu hatuna viti kwenye sherehe hizi. Wazee wanakaa mbele, watoto wanakaa chini, nasi tunagawa soda. Kwenye kuchanga tuliitwa watu wazima, kwenye kukaa tunaitwa vijana. Lakini nyuma ya jiko, kreti tupu zikigeuzwa, kuna kikao ambacho sitakibadilisha na meza kuu. Yule binamu meneja alikuwepo, suti imekunjwa mikono. Mwingine ameachwa na mchumba mwezi uliopita, mwingine ana biashara ya vifaranga iliyokufa yote kwa usiku mmoja, mwingine anasoma tena kwa sababu shahada ya kwanza haikumpeleka popote. Kila mmoja alieleza lake, na kila lililoelezwa lilipata mahali pa kuchekea, hata vifaranga. Aliyeachwa alisema mahari ilikuwa imebaki mbuzi mmoja, na mbuzi huyo ndiye tuliyekuwa tunamla. Tulinyamaza kumtazama kama anaumia. Alicheka yeye kwanza. Halafu mmoja akasema tuombe kabla ya kuitwa kuosha vyombo, tukashikana mikono yenye mafuta ya nyama, na yule aliyeachwa ndiye aliyeomba.

Jumatatu: kurudi

Nimeteremka na mkungu, chupa ya maziwa, parachichi na maagizo. Kwenye gari la Arusha konda alisema mkungu ulipe nauli kwa kuwa umekaa kwenye kiti. Abiria wakagawanyika, wengine wakisema ndizi hazilipi, wengine wakisema zilizokomaa zinalipa. Mzee mmoja alimaliza shauri kwa kuuweka magotini mwake hadi Arusha. Nilimpa chana moja, akaombea safari za wote waliozaliwa nyumba moja na mkungu ule.

Jumanne: Arusha

Ofisini neno bado. Mkuu wangu amesema kikao kimesogezwa, nisubiri Ijumaa. Nimemshukuru, nimekaa, nimefanya kazi yangu yote ya siku. Nimelala vizuri usiku wa jana na ninajua nitalala vizuri leo.

Jioni nimeandika kadi ya shukrani. Majina ya watoto nimeyapanga kwa kuzaliwa, mkubwa kwanza, nikaituma kwenye kundi la familia. Mjomba mkubwa alijibu haraka kwamba mwenyekiti alifanya kazi kubwa, atangulie. Mjomba mdogo akasema hapana, mkubwa ni mkubwa. Wakaendelea hivyo saa nzima, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele, hadi mkaza mjomba, yule wa kizingitini, alipoandika: "Na sisi wakwe tuliopika?" Mama mkubwa akauliza wajukuu wako wapi. Binamu wa vifaranga akataka Noah ya Kidia ishukuriwe kwa kubeba keki. Babu, ambaye hana simu, alituma ujumbe kupitia kwa Bibi kwamba na Mangi Meli awekwe.

Nimeweka wote. Mwenye stesheneri amehesabu mistari akasema kadi haitoshi, itabidi karatasi nzima mbele na nyuma, na bei itapanda. Nimemwambia achape, na nimefungua upya daftari la michango.